Chupa Mbili Dirishani

Mama mkwe wangu alitapika povu. Naanza na hapo kwa sababu kila anayesimulia habari yangu kijijini huanzia hapo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na chungu cha pombe, mrija bado mkononi, mbele ya wageni waliotoka Biharamulo kuleta mahari ya binti yangu. Kwanza alikohoa. Kisha akainama kama mtu anayetafuta kitu kilichomwanguka, na kilichomtoka mdomoni kilikuwa cheupe na chepesi, kikang'ang'ania kidevuni kama povu la mtu anayetaka kunyoa ndevu.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshika nguzo ya kibaraza, koo linawaka, miguu siisikii. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alimshika mama yake kwapani, akanigeukia.

"Shemeji, umempa mama nini?"

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningesema ni uchungu tu unamsemesha. Aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua, na wageni wote wakaweka mirija chini, mmoja baada ya mwingine. Yule mzee aliyekuwa msemaji wao akawaambia wenzake kwa Kisubi, lugha ya kwao, wasimeze hata mate. Kisubi nakisikia vizuri.

Mama mkwe alikufa siku ya pili yake hospitalini, kabla ya saa sita mchana. Wageni wawili walilazwa, wakatoka. Mimi nilitoka baada ya siku tisa, nimekonda, ulimi umebabuka kama niliyelamba jivu la moto. Watu wanasema nilipona. Ni kweli nilipona, lakini hakuna aliyekuja kunisalimia.

Mimi ni mzaliwa wa Bukiriro. Nilisoma hadi darasa la nne, nikatolewa kusaidia shamba, na kijijini kwa mume nililetwa nikiwa bado sijui kukoleza moto wa kuni mbichi. Aliyenifundisha ni huyo huyo mama mkwe. Alinifundisha kupika urwagwa, pombe yetu ya ndizi, na baada ya mume wangu kufa kazi hiyo ndiyo iliyonilea mimi na binti yangu.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Ndizi zinafukiwa shimoni siku kadhaa ziive kwa joto. Zinamenywa, zinatiwa ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi, zinakandwa pamoja na nyasi mpaka zitoe maji. Unaongeza maji ya chemchemi, unachuja, unatia mtama uliokaangwa na kusagwa, unafunika kwa majani ya mgomba. Halafu unasubiri. Unachosubiri ni povu. Asubuhi ukifunua ukakuta povu limepanda, pombe iko hai. Ukikuta imelala kama uji wa jana, umepoteza ndizi zako. Mama mkwe alikuwa akifunua jani kwa vidole viwili, anachungulia, kisha ananitazama bila kusema. Nikiona amefunika tena polepole, najua nimefaulu.

Kitu kingine ni kuonja. Kwetu huwezi kumpa mgeni chungu kabla mwenye nyumba hajanywa mbele yake. Unavuta kwa mrija, unameza, watu wanaona koo lako likishuka. Ndipo mkubwa wa nyumba anafuata, ndipo wageni. Hii si adabu tu. Ni kumwambia mgeni kwamba kama kuna baya ndani, limeanza na mimi. Siku ile nilivuta wa kwanza. Kila mtu aliliona koo langu likishuka. Na bado wanasema nilitia sumu.

Chemchemi yetu iko bondeni, chini ya barabara ya malori yanayokwenda mpakani. Zamani juu yake kulikuwa na mikaratusi tu. Halafu akaja mtu akakodi kiwanja kando ya barabara, akafungua mahali pa kuosha malori. Jina lake silitaji, yeye mwenyewe atajijua. Malori yanafika pale yamejaa vumbi la nusu ya nchi, yanapuliziwa maji, yanapakwa sabuni kali ya kutoa grisi inayokuja kwenye madumu ya bluu. Sabuni ile ukiigusa vidole vinateleza mpaka jioni. Maji machafu yanaingia kwenye shimo walilolichimba upande wa bondeni. Shimo la udongo tu, halikujengewa, halikusakafiwa. Ukisimama penye chemchemi ukainua macho, unaona ukingo wake.

Tulimwendea wanawake wanne. Alitupokea vizuri, akatutafutia viti.

"Mama zangu, mnalalamikia sabuni? Sabuni si usafi?"

Vijana wake wakacheka. Jirani yangu mmoja, mdomo wake hauna breki, akamjibu, "Basi baba, usafi wako uoge nao mwenyewe. Sisi tunataka uchafu wetu wa zamani."

Naye akacheka. Akasema, "Lakini maji yanashuka yenyewe, mimi siyatumi." Tukarudi nyumbani. Tulikuwa tumekalishwa vizuri tu.

Muda si mrefu baadaye akaja binti wa chuo. Alikuwa anapima chemchemi zote zilizo kando ya barabara ile kwa ajili ya masomo yake, na mwenyekiti wa kijiji akamleta kwangu kulala kwa sababu nina chumba na sina mwanamume. Alikaa wiki mbili. Mwembamba, mwenye adabu, shikamoo yake haikungoja umfikie, alikurushia akiwa bado njiani. Alikuja na kisanduku kilichojaa vichupa vya kioo, kila kimoja na maji kidogo yenye rangi, na tochi ndogo ya mwanga wa zambarau kama ile wanayokagulia noti bandia dukani.

Kazi ilikuwa hivi. Unajaza maji ya chemchemi mpaka kwenye mstari, unafunga, unatikisa mara kumi. Unaingia gizani, au unajifunika blanketi, unamulika kwa ile tochi. Maji yakiwa safi, rangi inafifia, unaona weusi tu. Yakiwa na sabuni, chupa inawaka kijani cha manjano. Sabuni nyingi, inawaka sana. Alikuwa na kadi yenye vyumba vitano vya rangi, cha kwanza hafifu, cha tano kikali. Unalinganisha, unaandika namba.

Nilimuuliza inawezekanaje. Alinieleza kwa namna ambayo sijaisahau.

"Mama, rangi hii haipendi maji. Ikiwa peke yake ndani ya maji inajikunyata, haina nguvu ya kuwaka. Sabuni ikiingia, vipande vyake vinakusanyika kama kundi la watu waliopeana migongo. Rangi inajificha katikati, inapata mahali pakavu. Hapo ndipo inawaka."

"Na povu? Povu halitoshi kutuambia?"

"Povu linadanganya, mama. Majani yakioza bondeni maji yanatoa povu bila sabuni. Na sabuni inaweza kuwemo usione povu hata kidogo."

Nilisikia. Nakumbuka kwamba nilisikia.

Mama mkwe ndiye aliyekipenda kile kitu kuliko wote. Alikuwa anaingia chini ya blanketi na sisi, magoti yanalia, harufu ya tumbaku yake imejaa humo, tunabanana watatu kama kuku. Binti alipotia tone la maji ya kufulia kwenye chupa ya mfano na kumulika, mama mkwe alishika mkono wangu.

"Kimulimuli," akasema. "Anakula sabuni."

Tangu hapo kila Jumamosi aliuliza, "Leo amekula?" Kwa sababu binti wa chuo alipoondoka aliniachia kisanduku chote, na tochi, na kadi, na daftari. Aliniambia nipime kila Jumamosi na kuandika, naye angerudi baada ya mvua. Alisema vichupa vikae gizani siku zote, hata baada ya kupima, kwa sababu jua linaiua ile rangi. Wanawake penye chemchemi wakawa wananitania. Nikifika tu, wananipisha: "Mpisheni daktari wa maji. Mwenzetu siku hizi anampima kisima mapigo ya moyo." Mimi nacheka, najaza chupa yangu. Nilikuwa najisikia mtu. Sikuwahi kuaminiwa kitu chenye daftari.

Wiki za kwanza niliandika moja. Moja. Moja. Halafu yule mwenye kuosha malori akaongeza sehemu ya pili ya kuoshea, nikaandika mbili. Ikaja Jumamosi nikalinganisha mara tatu, nikamwita binti yangu naye aangalie, tukakubaliana ni tatu. Mama mkwe akauliza, "Amekula?" Nikamwambia, "Ameshiba, mama."

Nikachukua kisanduku kizima nikampelekea bwana maji. Huyu ndiye anayesimamia maji katika eneo letu, anakaa kwenye ofisi ya serikali yenye dirisha moja na meza mbili. Pikipiki yake ilikuwa inaoshwa kule kwa malori kila Ijumaa, na iling'aa kuliko ya padri. Nasema nilichokiona kwa macho yangu, sisemi zaidi.

Alilisoma daftari langu akiwa amesimama.

"Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo."

"Mama, wewe si mpika pombe?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa kifaa cha utafiti kinakaaje jikoni kwa mpika pombe?" Hakunikasirikia. Alisema kama anayenisaidia. "Kiache hapa. Nitapima mwenyewe kila Jumamosi. Ikifika tatu tena nitafunga lile shimo, utaona."

Nikasaini kwamba nimekabidhi. Vichupa vilivyobaki vilikuwa kumi. Vinane viliingia droo ya meza yake pamoja na tochi, kadi na daftari. Viwili havikuwa sandukuni siku hiyo, vilikuwa nyumbani kwenye mkebe wa sukari, nilivitenga vya akiba. Nilivikumbuka nikiwa njiani nikirudi. Sikurudi kumpelekea.

Miezi miwili ikapita. Sikuwahi kumwona bwana maji penye chemchemi Jumamosi hata moja. Wageni wa Biharamulo wakatuma ujumbe kwamba wanakuja, nami nikafukia ndizi.

Wiki ile mvua ilinyesha mfululizo, na ikavunja ukingo wa shimo la malori. Tulisikia tu kwamba ukingo umevunjika, wala hatukuona ni habari ya kutuhusu. Mwenye shimo alielewa, kwa sababu kabla mvua haijakatika alikuwa ameshaleta watu wachimbe shimo jingine upande wa pili wa barabara, na madumu yake ya sabuni yaliyosombwa na maji yakaokotwa bondeni yakiwa tupu. Hakutuma hata mtu mmoja kuja kusema, msiteke leo. Kutoka kwake mpaka chemchemini ni mwendo wa kumaliza sigara moja.

Siku ile ile ukingo ulipovunjika, binti yangu na wenzake waliteka. Madumu sita makubwa ya maji yakaingia kwenye pombe. Dumu la saba, dogo la lita tatu, likabaki nyuma ya magunia, likasahauliwa.

Asubuhi nilipofunua majani, povu lilikuwa limepanda mpaka juu, limeinua majani yenyewe, linamwagika pembeni ya gogo. Sijawahi kuona povu kama lile. Jirani yangu yule mwenye mdomo akaja kuchungulia.

"Leo mikono yako imebarikiwa," akasema. "Hawa wa Biharamulo wataongeza ng'ombe."

Mama mkwe naye akaja na fimbo yake. Akainua jani kwa vidole viwili, akachungulia kwa muda mrefu, akafunika polepole. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote niliyoishi naye. Alinisifu kwa mdomo. Alisema, kwa Kihangaza, lugha yetu, kwamba sasa anaweza kufa, kazi ina mwenyewe.

Mimi niliyefundishwa chini ya blanketi kwamba povu linadanganya, nilisimama pale nikafurahi. Chupa mbili zilikuwa kwenye mkebe, hatua kumi kutoka pale. Tochi sikuwa nayo, ni kweli. Lakini sikufikiria hata kwamba sina tochi. Ningekuwa mtu wa kazi nyingine, mwalimu, fundi cherehani, povu lile lingenitisha. Mimi nilikuwa mpika urwagwa. Kwetu povu ni sifa.

Na wakati wa kuonja, nilipovuta, kitu kiliteleza ulimini. Uchungu ulikuwepo, lakini mtama ukiungua kidogo nao huleta uchungu. Wageni wananitazama, shemeji ananitazama, binti yangu amesimama mlangoni na kitenge kipya. Nikameza. Nikasema karibuni. Mama mkwe akachukua mrija, na kwa kuwa ndiye mkubwa, na kwa kuwa alikuwa na furaha, alivuta muda mrefu. Wageni walikuwa bado wanapeana salamu za shukrani, waligusa tu. Ndiyo maana wako hai.

Hili nimelisema kwanza kwa padri, na sasa nalisema hapa. Sehemu yangu naijua. Sijaificha popote.

Kwenye karatasi niliyopewa nikitoka hospitali palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa haraka: amekunywa sumu, aina haijulikani. Daktari hakukosea, alikuwa na wagonjwa wanne na hana cha kupimia. Lakini shemeji aliisoma karatasi ile. Alisoma neno moja tu, na neno hilo likatembea kijijini kwa miguu yake. Nilipofika nyumbani nilikuta gogo limepasuliwa kuni, chungu kimevunjwa, pombe imemwagwa, kaburi la mama limeshafunikwa. Wageni walikuwa wametuma mtu kusema kwamba wao hawana ugomvi na mtu, ila mahari wamerudi nayo. Binti yangu alikuwa amekaa jikoni, hajasuka nywele.

Shemeji simlaumu. Aliniletea uji siku ya kwanza, akauweka kizingitini, akaondoka. Mtu anayeamini umemuua mama yake na bado anakuletea uji, huyo utamlaumu kwa lipi?

Siku ya tatu, nikitafuta chumvi, nikaliona lile dumu dogo nyuma ya magunia. Nikakaa chini. Kisha nikainuka, nikachukua mkebe wa sukari. Chupa moja nikaijaza maji ya dumu, nyingine maji ya mvua kutoka kwenye pipa, ili mtu asije akasema rangi inawaka yenyewe. Nikazifunga ndani ya kitambaa cheusi, nikabeba na dumu lenyewe, na blanketi, nikaenda kwa bwana maji. Kilima kile huwa napanda kwa nusu saa. Siku ile nilitumia asubuhi nzima.

Alikuwa peke yake. Aliponiona alisimama, akanipa pole ya msiba, na pole ile ilikuwa ya kweli, nataka niwe mkweli juu ya hilo. Nikamwomba tochi. Akafungua droo. Vichupa vyangu vinane vilikuwa pale pale nilivyoviacha, vimejipanga, havijaguswa, na daftari juu yake limefunguliwa kwenye ile tatu yangu. Nikachukua tochi.

"Ingia," nikamwambia, nikamfunika blanketi.

Mtu mzima mwenye cheo na mjane mpika pombe, vichwa vimegusana chini ya blanketi, mchana, ofisini. Alicheka kidogo kwa aibu. "Mtu akiingia hapa, mama, tutajieleza vipi?" Nikamulika ya mvua. Giza. Nikamulika ya dumu.

Iliwaka mpaka nikaona kucha zake. Nikaona uso wake wote, kijani, na jasho juu ya mdomo. Kadi haikuhitajika, ilipita chumba cha tano.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Nimeona, mama. Inawaka."

Tukatoka. Akakaa, akajifuta uso kwa leso, akatazama nje muda mrefu kuelekea barabarani. Nilimwomba aandike. Mistari miwili tu, na muhuri, nikampe shemeji.

"Niandike nini? Kwamba nimeona chupa inawaka ndani ya blanketi?"

"Andika hivyo hivyo."

"Kipimo hiki hakijathibitishwa, mama. Ngoja niulize wakubwa. Acha chupa na dumu hapa, ni ushahidi. Rudi baada ya wiki mbili, uje na huyo shemeji yako, nitamweleza mwenyewe."

Nilimwambia chupa zikae gizani. Nilimwambia mara mbili. Nilimwambia jua linaiua rangi. Akasema sawa.

Baada ya wiki mbili nikaenda na shemeji. Ilikuwa mara ya kwanza kutembea njia moja tangu msiba. Alinibebea blanketi. Kwenye mteremko alinipa mkono. Nilianza kufikiria nitamwambia nini binti yangu nikirudi.

Tulipoingia niliziona. Chupa zangu mbili zilikuwa dirishani, juu ya kizingiti, upande wa jua la asubuhi, karibu na kopo la kalamu. Nilijua kabla ya kumulika. Bwana maji hakunitazama. Akatoa tochi, akampa shemeji, akajifunika naye. Nilisimama nje ya blanketi nikisikiliza.

"Hii ya mvua," sauti ya bwana maji.

Nikasikia tochi ikiwashwa.

"Na hii ya dumu."

Ikawashwa tena. Kisha shemeji, taratibu, "Mbona zote ni giza?"

Nikasema zimekaa juani. Bwana maji akajitoa kwenye blanketi akasema, "Kwa hiyo sasa kosa ni la jua." Nikasema dumu lipo, apime tena. Dumu lilikuwa limemwagwa, sakafu imedekiwa kwa maji yake. Akasema basi twende chemchemini kwa haki, akachukua chupa mpya, tukashuka wote watatu, akajaza, akatikisa mara kumi. Alijua kutumia. Ikatoka namba moja. Kwa vyovyote ingetoka moja, kwa kuwa shimo lilikuwa limeshahamishwa na mvua imeshasafisha bonde.

Nikamwambia mbele ya shemeji, "Mwambie ulichoniambia. Mwambie ulivyoona siku ile."

Akamtazama shemeji. Akasema, "Mama amepata msiba mkubwa. Tumpe muda."

Shemeji aliniachia blanketi pale pale chemchemini, akapanda peke yake.

Nilimpigia simu binti wa chuo. Alilia. Alisema ni kweli, rangi ikipigwa na jua siku nyingi inachoka na hairudi. "Ninakuamini, mama. Lakini kuamini kwangu si kipimo." Alisema atarudi na vifaa vingine. Namngoja, lakini hata akija na vifaa vya dunia nzima, maji ya siku ile hayapo tena. Yametumika kudekia sakafu.

Kwa hiyo naandika mimi. Mwenye kuosha malori, uliona ukingo umevunjika, ukahamisha shimo lako, ukanyamaza. Mama mkwe wangu alikuwa anakuita mwanangu ukipita. Sema kilichokuwa ndani ya madumu yale, na sema kwa nini hukutuma mtu.

Na wewe bwana maji. Sikuulizi kuhusu droo, wala Jumamosi ulizoacha kwenda. Sikuulizi nani aliziweka chupa dirishani. Kifaa hakijathibitishwa, sawa, lakini macho yako si kifaa. Watu wawili tu duniani waliiona chupa ile ikiwaka, na mmoja wao haaminiwi. Wageni wa Biharamulo nimewatumia ujumbe, wamekubali kuja kusikiliza. Shemeji atakuwepo, na jirani zangu wote watakuwepo. Njoo nyumbani kwangu, usimame mbele yao, uwaambie uliona nini.